Shangazi na Programu Aliyokataa Kuifunga

Mwisho wa mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, mkuu wa kitengo chetu cha kompyuta anastaafu. Jina lake kamili liko kwenye barua ya ajira. Hapa hospitalini, kuanzia mlinzi hadi mkurugenzi, tunamwita Shangazi, na ukikosea anakukemea kishangazi kweli.

Alianza kama mpiga chapa wa masjala, akajifundisha kuandika programu baada ya saa za kazi. Kazi yake kubwa ni ile programu inayopanga foleni ya kliniki ya watoto. Sisi tuliojifungua miaka hii tunaijua: unapewa namba, unaketi, unanyonyesha kwa utulivu. Zamani mwenye sauti kubwa ndiye aliyeingia kwanza.

Alipoimaliza hakuificha. Aliiweka mtandaoni pamoja na msimbo wake wote, yaani maandishi yanayoiendesha, ili hospitali yoyote iichukue bure na kuibadilisha itakavyo. Mhasibu wetu alishika kichwa. "Shangazi, unawapikia majirani na wa kwako wana njaa!"

Tuseme ukweli, hakukosea sana. Mwaka mzima Shangazi alishinda akijibu maswali ya watu asiowajua, na mambo mapya aliyotuahidi yakakaa. Hospitali moja ya mbali iliuliza kwa nini foleni hujifunga yenyewe saa saba mchana. Walikuwa wakitii tu, wakidhani ndio utaalamu. Kumbe ni muda wa chakula wa muuguzi wetu mkuu, aliyeamuru uwekwe humo!

Lakini haohao wa mbali, walipoirekebisha, waliongeza kitu ambacho sisi hatukukifikiria: mwenye kichanga cha siku chache anapita mbele bila kumbembeleza mtu. Wakatuletea. Tunakitumia hadi leo.

Kisha akaja muuzaji mmoja na tai yake, kutuuzia programu ya foleni. Rangi mpya, jina jipya. Akiwa katikati ya maelezo ikafika saa saba, foleni yake ikajifunga yenyewe: kumbe ni programu yetu ileile. Muuguzi mkuu ndiye aliyecheka kwanza. Mkurugenzi hakucheka, alitaka programu yetu ifungwe siku hiyohiyo, watu wa nje wasiichukue tena. Shangazi alikaa naye mpaka wakaelewana: anayetaka achukue, ila akiigawa au kuiuza, aweke wazi na alichoongeza.

Alipotangaza kustaafu, suala likarudi. Nani atawajibu hao watu? Kama hakuna, uongozi ulisema, ifungwe. Tulimuuliza Shangazi anataka zawadi gani. Alisema hataki saa wala kochi, anataka isifungwe.

Basi Shangazi, zawadi yako hii hapa. Jumanne kitengo kizima kilisaini: tutajibu kwa zamu, kila mmoja wiki yake, na siku za kubuni mambo mapya hazitaguswa na mtu. Mkurugenzi amekubali. Zamu ya kwanza ni yangu. Nimeshajibu watatu huku mwanangu akinyonya. Wa nne anauliza kama wanaweza kuigeuza iwe ya kliniki ya macho. Nimemwambia achukue, na akimaliza atuonyeshe.

Asante kwa kutulea. Tunakuombea afya, vicheko na usingizi wa kutosha. Na simu ya kazi, tafadhali, usiishike.