Kabati la Vibogoyo

Dada mwandika vibao wa jumba la makumbusho alikuwa amepakata kisanduku chake cha vibao, hatulii kwenye kiti cha basi mbele yangu. "Leo namtoa kakakuona kwenye kabati la mla-sisimizi, yule wa pua ndefu!" alimwambia jirani yake, fundi wa meno ya bandia. "Wataalamu wa zamani waliwatia kundi moja, wakaliita kwa Kilatini 'wasio na meno', basi. Kumbe kakakuona ni ndugu wa paka na mbwa!"

"Paka?" Fundi alishtuka hadi meno ya watu yakagongana mfukoni mwake. "Paka ana meno, dada. Waache walipo."

"Kaka, kwani wateja wako wote ni ukoo mmoja?"

Fundi akapiga paja. "Wapi! Huyu sukari, yule ngumi, mwingine uzee tu. Pengo lile lile, kila mtu na safari yake! Lakini paka nakataa."

"Vinasaba vimepimwa!"

"Nakataa!"

Walishangilia kama wamefunga bao, wote wawili. Mimi nilikwisha kupitiliza kituo changu.

Basi likasimama. Bibi wa kiti cha mbele akageuka, akatabasamu ufizi mtupu. "Na mimi, wanangu, mnaniweka kabati gani?"