Mashine ya Dirishani

Leo ni Jumamosi, tarehe nane Juni. Mheshimiwa mgeni rasmi, Ndugu Mkurugenzi wa hospitali, Daktari wetu unayestaafu, wauguzi, ndugu wagonjwa mlioketi kule nyuma, na nyote wageni waalikwa: nawasalimu kwa heshima.

Nimeombwa nitoe shukrani kwa niaba ya familia za wagonjwa wa figo. Niliziandika nyumbani, binti yangu akanisahihishia. Karatasi ninayo mkononi, lakini mtaniwia radhi, siwezi tena kuisoma.

Kwa msionijua, mimi ni mjane wa Kipara, yule kinyozi. Upara ulimwanza ujanani, na wateja wakimcheka alijibu, "Kinyozi hajinyoi, mimi kaninyoa Mungu." Alikuja hapa kusafishwa damu kila Jumatatu na Alhamisi, kwenye mashine ile iliyo kando ya dirisha. Alitundika pale kioo chake kidogo chenye fremu nyekundu, akawapunguza nywele wenzake wakisubiri zamu. Hata wewe, Daktari, alikukata. Ukimharakisha alikwambia, "Tulia, shemeji, mkasi haujui cheo."

Alhamisi yake ya mwisho tulikuta mahema na bendi uwanjani, maana jengo la wazazi lilikuwa linafunguliwa. Miguu yake ilikuwa imevimba, viatu vikakataa, akavaa ndala zangu. Muuguzi akatupokea mlangoni: "Mama, mashine ya dirishani imeharibika, na nyingine zote zina watu. Fundi ameitwa. Mrudi Jumatatu, siku hizi chache hazina neno." Mume wangu akamtania, "Imeharibika, au imechoka kuniona?" Muuguzi hakucheka. Tukageuka, tukarudi nyumbani.

Hakuifikia Jumatatu.

Tangu siku hiyo nimeichukia mashine ile kama mtu anavyomchukia mtu. Nikipita nje ya dirisha lile, nageuza uso.

Sasa, Mheshimiwa, wewe umezungumza kabla yangu, na umemsifu Daktari kwa moyo safi. Umesema ulikuja kufungua jengo la wazazi, figo zikakugomea, ukaanguka jukwaani. Ulipozinduka ukajikuta umeunganishwa kwenye mashine kando ya dirisha, ukajiona kwenye kioo kidogo chekundu, ukadhani wamekupeleka saluni. Ukumbi mzima umecheka. Nami nimecheka, nikapiga makofi, kisha mikono yangu ikakwama hewani.

Daktari, usiinuke. Kaa, shemeji yangu, sikuja kukuaibisha. Nakuuliza jambo moja, na nakuuliza mbele ya watu kwa sababu mbele ya watu ndipo nimelisikia. Siku ile, mashine ilikuwa nzima?

Ameitikia kwa kichwa. Mmemwona. Asante, Daktari.

Ndugu zangu, nimepigwa na butwaa kama mtu anayeletewa msiba uleule mara ya pili. Mheshimiwa, wewe huna kosa. Aliyezimia hachagui kitanda. Na huenda hali yako ilikuwa mbaya kuliko ya mume wangu. Mimi nimeishia shule ya msingi, siwezi kupima damu ya mtu kwa macho. Lakini kama ilikuwa haki wewe utangulie, kwa nini haki hiyo ivishwe uongo? Mliona aibu kutuambia kwamba mkubwa amekuja? Au mlidhani watu wa ndala hawaelewi wakielezwa?

Umesema mwenyewe, Mheshimiwa, kwamba jioni ile ulikuwa umeketi wodini unakunywa chai. Basi jioni ile mashine ilikuwa tupu! Tungeambiwa kuna mgonjwa aliyezidiwa, tungenuna, tungelalamika, lakini tungekaa palepale kwenye benchi mpaka umalize, naye angeingia. Mashine nzima husubiriwa. Mbovu nani anaisubiri? Hatukunyimwa zamu tu. Tulinyimwa hata sababu ya kungoja. Nikampikia uji, nikamwambia, "Vumilia, baba watoto, fundi ameitwa." Mimi, kwa kinywa changu, niliwasaidia kumdanganya, wala sikujua.

Daktari kijana unayepokea kazi hii, wagonjwa wako wa Jumatatu ni wale kule nyuma. Itakuja tena siku ya mashine moja na watu wawili. Sikuombi miujiza. Watazame usoni, uwaambie nani ametangulia, kwa sababu gani, na wangoje mpaka saa ngapi. Wakikutukana, vumilia. Matusi yataisha, nao watakuwa bado wapo mlangoni, hai.

Nawe Daktari unayeondoka, shukrani nilizoandika sizifuti. Miaka yote ulimhudumia vizuri. Ulikuja msibani, ukakaa chini pamoja nasi, ukalia hata wanangu wakakubembeleza. Nilijua ulimlilia rafiki. Leo sijui nimwambie nini binti yangu kuhusu machozi yale. Ukipata nafasi, njoo nyumbani umwambie wewe.

Nawashukuru kwa kunivumilia, maana haya siyo niliyoitiwa. Ninalo ombi moja. Katika hospitali hii akitajwa Kipara, watu husema, "Yule aliyefariki mashine ilipoharibika." Msiseme hivyo tena. Mkumbukeni kama mtu aliyekuwa na zamu yake siku ile, akaambiwa arudi nyumbani, akarudi kwa sababu aliwaamini.