Kuni za Mama Ndungu Zilizofika Kileleshwa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mwenye chai ashike kikombe chake, mwenye redio ndogo aisogeze karibu. Leo tunamkumbuka Wanjira wa Waithaka, Mama Ndungu, aliyetutoka Jumatano akiwa na miaka tisini na mitatu. Wanjira, muuza ndizi. Mama Ndungu. Mimi najivunia kulitaja jina hilo hewani, na asiyependa ana ruhusa ya kuzima redio.

Turudi mwaka wa sabini na mbili. Ndungu, mwanawe wa pekee, alikuwa fundi wa suti pale mjini karibu na Mtaa wa Biashara. Jumapili moja alimwambia mama yake: "Mama, sitaoa msichana. Ninaishi na Nashon, na tunapendana." Nashon alikuwa karani wa bima. Walikuwa wamepanga nyumba Kileleshwa.

Baba, Mzee Gerishon, aliinuka mezani. "Nyumba hiyo sitaingia," akasema. Na kweli, hadi anafariki, hakuingia.

Na mama? Mama alilia. Ndungu anakumbuka: "Alilia wiki nzima. Halafu akaniambia amechoka kulia, lakini hajui ni nani atakayemwelewa." Wasikilizaji wapendwa, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hakuwa na wa kumwambia akamwelewa. Miaka miwili, hakuna.

Sasa, wale wa kwetu Ukikuyuni wanajua. Kijana akianza nyumba yake, kina mama humpelekea kuni na uji. Wanakwenda kwa kundi, wanaimba njiani, mizigo mgongoni. Nyumba isiyopelekewa kuni ni kama haijulikani na wazazi. Wanjira alikuwa amebeba kuni hadi nyumba za watoto wa watu wote Waithaka. Akawaomba kina mama wenzake sasa wambebee za Ndungu. Rafiki yake Nyakio ndiye aliyejibu. "Wanjira, kuni ni za bibi harusi. Hapo bibi ni nani?" Wakacheka. Mama Ndungu akabeba aibu yake akaenda nayo nyumbani.

Halafu, sokoni Dagoretti, akatokea Milcah Nakhumicha. Mama wa Kibukusu kutoka Bungoma, mpishi kwa watu huko Muthangari, amekuja kununua ndizi. Muuzaji mmoja aliyemfahamu akamchokoza, binti yako Lornah ataolewa lini? Nakhumicha hakupunguza sauti hata kidogo.

"Wangu iko na mwenzake, na ni msichana. Wanakula, wanalala, wanacheka. Wewe unataka nini ingine?"

Wanjira alikuwa ameshika kichane cha ndizi, akasahau kukitoa mkononi. Akamsogelea yule mgeni, akamnong'oneza: "Wangu ni mvulana."

Nakhumicha akamtazama. "Sasa mbona unanong'ona, mama? Umeiba?"

Hapo, wasikilizaji, ndipo Mama Ndungu alipocheka kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili. Walikaa kwenye magunia hadi soko likafungwa. Akamweleza habari ya kuni. Nakhumicha hakuijua desturi ile, kwao hawana. Akauliza swali moja tu: "Ni kubeba? Kichwa ninacho."

Jumamosi moja ya mwaka wa sabini na nne, mama wawili wakatoka Waithaka kwa miguu. Wanjira mzigo mgongoni, ukanda kwenye kipaji cha uso. Nakhumicha mzigo kichwani, kibuyu cha uji mkononi. Wakapita Kawangware, wakapita Muthangari, wakaingia Kileleshwa kwenye fensi za maua zilizokatwa vizuri, wanaimba. Mmoja anaimba Kikuyu, mwingine Kibukusu, na nyimbo zenyewe hazikupatana hata kidogo!

Askari wa geti akawazuia. "Mnauza?"

"Tunapeleka nyumbani kwa mtoto."

"Mama, hapa watu wanapika na stima."

"Najua," akasema Wanjira. "Sikuleta kuni za kupika. Fungua."

Akafungua. Ndungu anasema aliposikia makelele mlangoni alidhani kuna msiba. Nashon alitoka na aproni, mikono ina unga. Mama Ndungu akatua mzigo mbele yake, siyo mbele ya Ndungu. Akamwambia: "Mwanangu, pokea. Hii ni nyumba sasa."

Nashon alilia, Ndungu akalia. Nakhumicha akauliza kama uji utanywewa ukiwa moto ama wanangoja upoe.

Tangu siku hiyo meza ya ndizi ikawa na wageni. Mzazi alikuwa akija, anashika ndizi asiyoinunua, mwishowe anasema la moyoni. Mwaka wa sabini na saba alikuja Nyakio. Alikuja kwa ajili ya binti yake. Mama Ndungu hakumkumbusha neno lolote. Alimwuliza tu, "Anaishi wapi? Kuni tutazipeleka upande gani?"

Kwa Ndungu, pole sana. Kwa jamaa wote wa Waithaka, na watoto wa marehemu Nakhumicha, poleni. Na kwako Nashon: tangazo la mazishi gazetini halikukutaja. Mama yako alikuita mwanangu mlangoni, majirani wakisikia. Basi hapa redioni nakutaja. Pole, Nashon, mwana wa Wanjira.

Nawe mzazi unayenisikiliza, uliyenyamaza miaka mingi. Mtoto wako ana nyumba. Umeshawahi kupiga hodi?