Maji ya Kisima cha Mogesi

Pale Kenyamonta, mbele ya duka la Simioni, palikuwa na gogo lililolainishwa na makalio ya watu wasio na haraka. Kahawa alipika Agustina, maneno wakapika wengine. Mwaka ule wa 1957 maneno yalikuwa machungu kuliko kahawa. Ng'ombe wa Ryoba walikunywa kisimani kwa Mogesi, wakafa. Watu wakasema Mogesi ametia sumu, kwa wivu. Ndipo Joram, kijana pekee wa hapo aliyesomea kemia katika chuo kikuu kule Kampala, akapewa chupa ya maji yale akayapime kwa mashine ya chuoni. Leo amerudi likizo, na jibu amelitoa asubuhi: sumu imo.

— Hebu tueleze tena, mura, kijana wetu, — alisema Nikodemo, aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki. — Hiyo mashine imeionaje?

— Tunatia dawa, maji yenye sumu yanageuka bluu. Kisha tunapitisha mwanga. Bluu ikikolea, sindano ya mashine inasogea. Nimejifunza mwaka mzima, mzee.

— Mwanga! Basi inaona mpaka chini kisimani.

— Inaona mpaka mkono uliotia, — akadakia Heche, waliyemwita Hakimu ingawa kesi zake zote alishindwa.

— Hapana, mzee. Inapima maji tu.

— Wewe umesoma, lakini hujui ulichosoma. Wahenga walisema damu nzito kuliko maji. Ikiwa maji yamesema hivyo, damu ya Mogesi ingesemaje?

— Ingepiga kelele! — alisema Redio. — Wangeisikia mpaka Musoma!

Wakacheka. Ryoba hakucheka.

— Mwanangu, sindano ilisogea, au haikusogea?

— Ilisogea, baba mdogo.

— Basi yamekwisha. Vijana wameshakwenda kwa Mogesi na viberiti.

Joram aliweka kikombe chini. Siku sindano iliposogea alifurahi, kama mwindaji aliyeona nyayo mbichi. Hakufikiri nyayo zile zingemfikisha mlangoni kwa mtu.

— Baba mdogo, tuma mtu awazuie. Mashine haikumtaja Mogesi.

— Maji yakimwagika hayazoleki, — alisema Hakimu, akinyoosha kikombe aongezewe.

Mwanamke akatokea njiani, kichwani amejitwika ngozi ya kulalia na chungu. Alikuwa Bhoke, mke wa Mogesi. Nguo yake ilinuka moshi. Joram akasimama.

— Shikamoo, mama.

Hakuitikia.

— Wanasema umepima kisima chetu.

— Nimepima, mama.

— Na vya kwenu, ulivipima?

Redio alifungua kinywa, akakifunga. Hakimu akatazama ndani ya kikombe. Ryoba akamgeukia Joram, na kwa mara ya kwanza siku ile macho yake yaliuliza badala ya kuamuru. Walimpa chupa moja, naye hakuomba ya pili, ya kisima kingine.

Bhoke alingoja. Kisha aliuweka sawa mzigo kichwani, akashika njia ya Mugumu.