Askofu Vázquez na Kibao cha Waingereza

Benchi la mawe mbele ya baa ya Casilda halijawahi kumpumzisha mtu. Kila asubuhi misa ikiisha hukaliwa na watu watatu walewale, na apitaye hapo na neno jema huondoka nalo limechanika. Yuko Kengele, aliyevuta kamba za kengele za kanisa la Valdecorzas miaka thelathini na ushee. Yuko Siki, mkamua zabibu aliyebatizwa jina hilo na mvinyo wake mwenyewe. Na yuko Dagaa, mjane aliyekuwa akichuuza sardini kwa kigari kijiji hadi kijiji. Siku hiyo Kengele hakutulia. Alikuwa akisubiri barua ya kusainiwa kutoka ofisi ya utalii ya mkoa. Ndani yake mna fomu ya masahihisho; asipoitia sahihi na kuirudisha leo hii, kibao cha Kiingereza cha sanamu ya Askofu Gutierre Vázquez de Olmeruela kitachapwa kama kilivyo, na kilivyo ni aibu tupu.

— Ati “Askofu Olmeruela”! — Kengele alitema maneno. — Mwingereza akiona majina mawili anashika la mkiani, la baba analitupa jalalani. Huyu ni Vázquez! Olmeruela ni kule kwenye mashamba ya bibi yake tu.

— Si wayaandike yote mawili yaishe? — alisema Dagaa.

— Ndicho nilichowaandikia! Kurasa nne! Wakitaka refu, waliandike zima. Wakitaka fupi, libaki la baba. Hata mtoto wa chekechea anaelewa.

— Sasa povu la nini? — Siki aliuliza. — Askofu kafa miaka mia tano iliyopita. Hajalalamika.

— Povu ni kwamba mtalii akisoma Olmeruela atapanda basi aende kijiji jirani cha Olmeruela! Wale wezi wa maji watamlisha jibini, wamwambie askofu kazaliwa kwao.

Hapo vichwa vitatu vilisogeleana. Kugombana wao kwa wao ni sawa, lakini Olmeruela ni Olmeruela.

— Basi hiyo ni njama, — Dagaa alisema. — Kule nimeuza samaki mimi. Wanamnusa, wanamgeuza, halafu hawanunui. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, ndiyo maana nilikuwa napita kwao alfajiri.

— Njama ya Olmeruela? Wale paa la shule tu limewashinda! — Siki alicheka kwa pua. — Hiyo ni kazi ya Waingereza wenyewe. Wanataka askofu aonekane hana baba. Asiye na baba, yeyote anamchukua. Mwakani mtasikia kazaliwa London.

— Na ile pua ya sanamu? — Dagaa alidakia. — Ndefu, halafu nyekundu! Mie siku zote nasema ile si pua ya huku.

— Ni nyekundu kwa sababu wewe na kamati yako mliipaka rangi ya mlango! — Kengele alifoka.

— Mkataa pema pabaya panamwita, — Dagaa alijibu, na hakuna aliyejua ni nani kakataa nini.

Kengele aliwadharau kwa moyo wake wote. Aliona anazeeka kati ya watu wasiojua thamani ya kitu chochote.

— Jina la mtu ndiyo heshima yake, — alisema. — Usipojua jina lake, humjui. Nyinyi mngemwita askofu “Pua” mkaridhika.

— Pua si baya, — alisema Siki.

Gari la posta likasimama. Akashuka binti mgeni, kwani Benita, mleta barua wao, alikuwa amevunjika mkono.

— Nani hapa anasubiri barua ya kusainiwa?

— Mimi, binti yangu. Lete kalamu.

— Kitambulisho, babu.

Kengele alipapasa mifuko. Kitambulisho alikuwa nacho bintiye mjini, kaenda nacho kumfuatilia kadi ya hospitali.

— Benita huwa haniulizi.

— Mimi si Benita. — Binti aliigeuza bahasha, jina likaangalia chini. — Lakini sina roho mbaya. Wenzako wakinitajia jina lako kamili, nakupa. Haya, huyu anaitwa nani?

— Kengele! — walisema kwa pamoja.

— La kwenye cheti, jamani.

Dagaa alimtazama Siki. Siki alitazama viatu vyake.

— Baba yake tulimwita Jiwe, — Dagaa alijaribu.

— Kengele Jiwe?

Kengele alitaka kusaidia, binti akamwinulia kidole.

— Julián! — Siki alipayuka.

— Julián ni kaka yangu, marehemu! — Kengele alipiga kelele.

Binti alirudisha bahasha mkobani, akamwachia karatasi ya kwenda kuichukua kesho posta kuu, kisha gari likashika njia ya Olmeruela. Kengele alisimama.

— Miaka arobaini! Miaka arobaini nakaa na nyinyi, wanyama wakubwa! Mmewapa Olmeruela askofu wetu kwa ujinga wenu. Hata jina langu hamlijui!

Siki ndiye aliyebeba jeneza la mke wa Kengele, upande wa mbele, theluji ikiwafika magotini.

— Sawa, — alisema taratibu. — Na mimi naitwa nani?

Kengele akafungua kinywa amjibu, na kikabaki wazi.