Nusu Senti ya Shule ya Walnut

Arzella Mae Crutchfield alizaliwa hapa Harlan Bluff, Missouri, tarehe 14 Machi 1944, mtoto wa kwanza wa Otha na Pearlie Crutchfield. Miaka sita baadaye alizaliwa Alonzo, ndiye anayewasomea maneno haya. Arzella alimbeba kila mahali, hadi mama yao akamwambia amshushe ajifunze kutembea.

Mwaka 1950 alianza masomo Shule ya Walnut, ng'ambo ya reli, iliyokuwa ya watoto weusi peke yao. Babu yake alikuwa mmoja wa waliojenga kuta zake za mawe. Ilipofungwa mwaka 1955 watoto walihamishiwa shule ya wazungu, na hakuna aliyerudi hata kuziba madirisha. Arzella alihitimu sekondari mwaka 1962.

Alipika katika jiko la shule kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuna mtoto aliyemdanganya kuwa ameshiba. Tarehe 11 Juni 1966 aliolewa na Thurman Beasley, aliyemtangulia mwaka 2009.

Mwaka 2013 mji ulipigia kura kodi ya mauzo: nusu senti kwa kila dola inayotumika dukani, kwa miaka kumi, ili kukarabati majengo ya kale. Arzella aligonga milango ya pande zote mbili za reli, na kodi ikapita. Ukumbi wa maonyesho ukapata paa, stesheni ikapata madirisha. Walnut iliandikwa ya mwisho kwenye orodha. Hakununa. Ila hakununua tena hata sindano nje ya mji, ambako nusu senti yake isingefika Walnut, na binti yake Roslyn alipomletea sufuria ya keki kutoka kaunti jirani, alirudishiwa mkononi.

Zamu ya Walnut ilipofika, miaka kumi ilikuwa imekwisha, ikabidi kura ipigwe upya. Wiki hiyo Arzella aliingia dukani kwa Alonzo akanunua mashine ya kukatia nyasi, yeye ambaye uwanja wake hauzidi shuka.

"Toza na kodi yote," alimwambia. "Hiyo ni ya paa."

Alonzo akatoza. Jumanne, tarehe 4 Aprili 2023, akapiga kura ya hapana, kwa sababu wateja wake walikuwa wakikimbilia kaunti jirani kwenye bei nafuu. Kodi ilishindwa kwa kura moja.

Januari 2025 theluji iliangusha paa la Walnut. Arzella alisimama barabarani bila glavu, na ilibidi ashikwe mkono ili aondoke. Moyo wake ulikuwa umeshaanza kuchoka, na tangu siku ile haukupata nafuu. Desemba, Arzella akiwa amelazwa hospitalini, Alonzo alishindwa kuendelea kunyamaza.

"Dada, ile kura..."

"Najua. Jumapili iliyofuata ulikaa benchi la nyuma kanisani. Wewe, wa benchi la mbele siku zote?"

"Mbona hukuniuliza?"

"Ungenidanganya, Lonzo. Ningebaki na shule isiyo na paa na mdogo wangu mwongo. Sasa kuta bado zipo. Aprili kodi inarudishwa kwenye kura; tunapiga tena, mimi na wewe."

Aliomba karatasi ya kura ya wagonjwa wasioweza kufika kituoni; hizo zingeanza kutolewa tarehe 24 Februari. Alifariki Jumanne, tarehe 10 Februari 2026, saa nne asubuhi, Roslyn akiwa amemshika mkono.

Ameacha watoto wawili, Roslyn na Delbert, wajukuu watano, mashine moja ya kukatia nyasi ambayo haijawahi kuwashwa, na mdogo wake Alonzo, ambaye tarehe 7 Aprili atapiga kura ya ndiyo. Itakuwa moja tu. Zilitakiwa ziwe mbili.

Pumzika, Dada. Umetubeba vya kutosha.