Pua ya Vitomir

Jumanne, saa tatu asubuhi, habari ilifika dukani kwa Zagorka: Vitomir Stanojčić amerudi kutoka hospitali ya mjini, na ugonjwa wake ni Parkinson, ule wa kutetemeka. Kwenye benchi la nje walikuwepo wawili. Ljubiša, tunayemwita Refa, aliwahi kupuliza filimbi kwenye mechi za vijiji hadi siku timu zote mbili zilipomfukuza uwanjani. Svetozar, au Redio, huongea hata kama hakuna anayesikiliza. Zagorka alikuwa akichemsha kahawa mlangoni. Mimi nilikalia kreti. Vitomir tulimwita Pua. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyesimamia mtambo wa kupikia rakija, pombe yetu ya plamu, unaohama ua hadi ua kila vuli. Matone ya kwanza hunuka gundi. Vitomir aliyanusa, akayamwaga, na ilipoanza kutoka harufu ya plamu akainua kidole, watu wakatega mitungi. Mwaka jana aliinua kidole mapema mno. Kijiji kizima kiliumwa kichwa. Mwaka huu hakuitwa. Tulipika bila yeye, na jana Refa aliukokota mtambo kwa trekta lake, akaurudisha kwa mwenyewe ng'ambo ya mto.

— Kumbe hakuwa mlevi, alisema Redio.

— Nani alisema mlevi? aliuliza Refa.

— Wewe.

— Mimi nilisema ana kinyongo. Mlevi ulisema wewe, tena kanisani.

— Nje ya kanisa.

Zagorka aliwamiminia kahawa.

— Mkewe kasimama hapa hapa akaniambia. Daktari hakuanza na mkono kutetemeka. Kamwuliza: mzee, kunusa uliacha lini? Kumbe siku zote zile pale mtamboni alikuwa anabahatisha.

— Pua hanusi? Mbona hakusema?

— Ungekuwa wewe, ungesema?

Redio alikunywa kwanza.

— Hayo yameletwa na madirisha, jirani. Yule analala kafungua huku na huku, upepo unapita katikati. Bibi yangu alikaa kwenye upepo wa namna hiyo alasiri moja tu, shingo haikugeuka tena.

— Bibi yako hakugeuka kwa sababu alikuwa hataki kukuona wewe, alisema Refa. — Mimi nasema ni mnara wa simu. Tangu wausimamishe, kuku wangu wanataga barabarani.

— Mnara uko nyuma ya choo chako! Mbona wewe mkono mzima, kila siku unafika kwenye sigara zangu?

— Basi wametupulizia kitu. Niliiona ndege, nyeupe, imechora mstari kuanzia Romania mpaka juu ya paa la Vito. Ikakata kona.

— Ndege ikate kona kwa ajili ya Vito?

— Nyie, alisema Zagorka. — Ule mkono wake, hamkuuona? Akitembea, wa kushoto unayumba, wa kulia umeganda ubavuni.

Hapo Refa aliweka kikombe chini.

— Niliuona. Nikasema anajifanya jenerali. Nikamwigiza hapa hapa, mkacheka.

— Tulicheka, alisema Redio.

— Na uso. Sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yangu, alikaa kuanzia supu mpaka keki, uso kama ukuta. Nikamwambia mke wangu, huyu bado ana kinyongo cha ule ugomvi wetu wa mpaka wa shamba. Mwaka uliofuata nikamwonyesha mgongo.

— Mimi ilikuwa sauti, alisema Redio. — Kila siku inazidi kushuka. Nikajua ananisengenya.

— Akusengenye wewe ukiwa mbele yake?

— Nilidhani ndiyo ujanja wenyewe. Na mkewe alipohamia chumba cha pili, nikatangaza wameachana.

— Alihama kwa sababu ya mateke, alisema Zagorka. — Vito anapigana na kupayuka usingizini. Daktari kasema jambo moja peke yake huenda lisiwe kitu. Yakikusanyika, mtu aende mapema, aanze dawa na mazoezi. Sisi yote tuliyaona. Kila mmoja na lake, kwa kuchekea.

Refa alitaka kurudi kwenye habari ya ndege. Hakumaliza sentensi.

Vitomir alikuwa anavuka barabara, hatua fupi fupi, kofia kichwani. Alisimama mbele ya benchi.

— Habari za asubuhi, majirani.

Redio alilazimika kuinama ili amsikie. Alimpisha nafasi. Vitomir hakukaa.

— Plamu zangu zimetulia kwenye mapipa. Hazitoi povu tena. Zikikaa zaidi zitakuwa siki. Nimengoja mniite, nikaona labda mmesita kwa sababu ya hospitali. Zamu yangu ya mtambo ni lini?

Redio alimtazama Refa. Refa alitazama trekta lake. Zagorka aliinua birika la kahawa amimine, lilikuwa tupu.

Vitomir alidhani hawakumsikia. Siku hizi amezoea kutosikika. Aliuliza tena, kwa nguvu zote alizokuwa nazo:

— Lini?

Refa aliinuka, akawasha trekta, akashika njia ya mtoni, kule alikourudisha mtambo jana. Hadi Zagorka alipofunga duka jioni, alikuwa hajarudi.